Aliyelia Mara Moja

Siku ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyokwenda Zinga kumwona dada yangu Mwanaidi, nikiwa likizo kutoka masomoni Uingereza. Ilikuwa miaka ya sitini, nami kijana wa Bagamoyo nimevaa koti la sufu kwenye jua la kwetu, najidai hata jasho silihisi. Usinicheke. Na wewe unalo koti lako.

Nilikuwa nasomea fizikia ya chembe, vitu vidogo mno kuliko vumbi. Aliyenitania kuliko wote ni shemeji yangu Kondo, mume wa Mwanaidi, mkulima wa minazi. "Shemeji kavuka bahari kusomea kisichoonekana," alikuwa akiwaambia wageni. "Akirudi atatuuzia hewa." Nilimpenda kwa utani wake ule.

Asubuhi ile nilimkuta hatanii. Amekaa barazani na kanzu yake, macho chini. Alfajiri Mwanaidi alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mtoto wao wa kwanza. Bi Tabu, mkunga, alimwita baba aje amwadhinie mwanawe sikioni, kama tufanyavyo. Kondo akaenda kwanza kutia udhu. Alipofika mlangoni, mtoto ameshakata roho. Alikuwa amelia mara moja tu.

Sasa Kondo alitaka mtoto azungushiwe kitambaa, azikwe kimya nyuma ya nyumba, bila jina wala sala, kama mimba iliyoharibika. Kutoka chumbani nikamsikia dada yangu: "Alilia! Jamani, nimemsikia, alilia!" Sauti ile ninayo mpaka leo.

Maalim Omari, aliyetusomesha sote madrasa, alikuwa ameitwa kwa ajili ya mazishi. Alimwambia Kondo sheria haina utata: mkunga kasikia, mama kasikia. Mtoto aliyelia ni mtu, huoshwa, hukafiniwa na husaliwa. Jina apewe.

"Maalim, mimi sikumsikia," Kondo alisema. "Sikumwadhinia. Nitamwitaje jina mtu ambaye sikumkuta?"

Hapo nikaelewa kwamba habishani na sheria. Alikuwa anajilaumu kwa ule udhu wake, na moyo uliniuma kwa ajili yake.

Maalim akanigeukia. Nilidhani ananituma jembe.

"Hebu tuambie, baba. Hizo chembe zako zinaishi muda gani?"

"Nyingine, Maalim, hazifikishi hata kufumba na kufumbua. Zinakufa kabla hazijasogea kiasi cha kuacha alama kwenye picha zetu."

"Nani amewahi kuziona?"

"Hakuna. Zinavunjika papo hapo, tunachokiona ni mistari ya vipande vyake. Tunaipima, tunajumlisha nguvu za vipande, picha baada ya picha. Jumla ikirudi palepale kila mara, tunajua kulikuwa na kitu kabla ya vipande hivyo."

"Na mkishajua?"

"Tunakipa jina, Maalim. Tunakihesabu pamoja na vingine vyote."

Kondo akainua uso, akanitazama.

"Hamkiwahi hata mmoja wenu?"

"Hatukiwahi, shemeji. Hakuna anayewahi."

Kondo alilia, mwanangu. Alilia mbele ya majirani wote, wala hakujificha. Kisha akainuka, akaenda mlangoni kwa mkewe, akamwuliza mtoto wao anaitwa nani. Rukia, akajibiwa. Baada ya adhuhuri tulimsalia Rukia binti Kondo, na baba yake mwenyewe alishuka kaburini kumpokea.

Nilirudi Uingereza, nikakaa miaka mingi mbele ya zile picha na vipimo vyangu. Wenzangu walisema nina subira. Hawakujua ninamfikiria nani.

Sasa sikia nasaha yangu. Usipime kitu kwa urefu wa maisha yake. Urafiki uliodumu msimu mmoja, ndoa iliyovunjika mapema, kazi uliyoianza ikafa changa, vyote vilikuwepo, na vimeacha kitu ndani yako. Usijifanye havikuwa. Ukienda kwenye msiba wa mtoto mchanga, usithubutu kusema afadhali hakukaa mkamzoea. Uliza jina lake. Na siku utakayofika umechelewa, maana siku hiyo itakuja, usiiadhibu nafsi yako kwa kumkana yule uliyemkosa.

Mwanaidi alijaliwa watoto wengine watatu. Akiulizwa anao wangapi, alisema wanne, akaanza na Rukia. Na Kondo, mtani wangu yule, akiwa karibu alidakia: "Huyo ndiye mkubwa wao."

Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na akuzungushie watu ambao wangelitaja jina lako hata kama ungekaa nao kwa pumzi moja tu.