Bwana Harusi Chini ya Drai

Fundi Cheche, mchomelea mageti, alivunjika mguu juma lile lile la harusi yake. Wenzake wa karakana aliwaambia ameteleza ngazini. Ukweli ni kwamba alijifungia chumbani, akapanda juu ya meza kufanyia mazoezi mtindo wa kuingilia ukumbini. Mguu mmoja ukafuata muziki, wa pili ukafuata meza iliyopinduka.

Harusi ikaahirishwa. Suti ilishanyooshwa, wageni walishaalikwa, na Cheche alikuwa amejigamba mtaa mzima. Kwa aibu, siku za mwanzo alijifunika shuka gubigubi, asitake kuonwa hata na paka.

Kwa kuwa chumba chake kilikuwa ghorofani na magongo hayapandi ngazi, alihamia kwa dada yake. Nyumba hiyo ilipakana na saluni ya mchumba wake, msusi asiyeweza kumwona mtu amekaa bure.

"Kilichovunjika ni mguu," msusi alimwambia. "Mikono nayo imefanya nini?"

Basi Cheche akawekwa kwenye kiti cha pembeni, achambue nywele za bandia na kupokeza vitana. Mwanzoni wateja walinong'ona. Baadaye wakamzoea, wakamsahau kama wanavyosahau stuli, na hapo ndipo masikio ya Cheche yalipofunguka. Alisikia habari za waume wote wa mtaa: anayenuna akishindwa kubishana, anayesifia chakula cha jirani, na yule ambaye akishikwa na mafua huaga dunia mara tatu kwa siku. Cheche alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha akajikumbuka. Yeye mwenyewe, mafua ya mwisho, alikuwa ameshaanza kugawa vyombo vyake vya kazi.

Asubuhi moja msusi alichungulia dirishani, akaguta, "Mama huyo anakuja!"

Cheche hakuwahi kukaa chumba kimoja na mkwe wake huyo mtarajiwa bila kuinamia kucha zake kwa woga. Akaanza kupapasa magongo, lakini wapi! Msusi alimtupia taulo kichwani, akamfunika khanga mpaka vidole vya miguu, akamshushia usoni drai, ile kofia kubwa ya kukaushia nywele. Wateja wawili waliokuwepo wakajikausha kama hawakuona kitu.

Mama akaingia, akaketi karibu na drai, akaanza.

"Mwanangu, mguu huu ni ishara. Achana naye. Anapenda sifa yule! Nimesikia hakuanguka ngazini, alikuwa anakata viuno juu ya meza."

"Anapenda sifa, sibishi," msusi akajibu. "Akiimba, natamani kuziba masikio kwa pamba. Na lile shati lake la rangi ya chungwa nitalifanya tambara siku ya pili ya ndoa."

Chini ya drai, kijasho kilimtiririka Cheche, nusu kwa joto, nusu kwa uchungu wa shati.

"Sasa unang'ang'ania nini?"

Msusi akaweka kitana chini. "Mama, jioni wateja wakiondoka, ananiambia nikae. Ananikanda vidole, na vyake vinamuuma kuliko vyangu. Tungeoana siku ile, ningeolewa na yule wa juu ya meza. Huyu wa kwenye kiti nisingemjua."

Mama akaguna. Kisha akageukia drai. "Na wewe dada, unaonaje?"

Cheche akabana sauti ikawa nyembamba kama uzi. "Mimi... namuunga mkono bibi harusi."

"Haya, dada. Toka basi humo, ndevu zako zitaungua."

Saluni nzima ililipuka kwa kicheko. Mama mwenyewe alilinyanyua lile drai.

"Shikamoo, mama," Cheche akasema, jasho likimdondoka puani.

"Marahaba. Nimekujua tangu mlangoni. Mwanamke gani anakaa saluni bila kuchangia neno? Nilitaka usikie mwenyewe unavyosemwa, mabaya na mazuri." Akaketi kwenye kiti cha kusukia, akafungua kilemba. "Haya, nami nione hiyo mikono."

Cheche alimchana mkwe wake kwa nguvu za karakana.

"Taratibu, baba. Hili si geti."

Mguu ulipopona harusi ikafungwa, na bwana harusi aliingia ukumbini akichechemea kidogo, mama mkwe akitembea karibu naye asije akaona meza.

Siku hizi karakana ya Cheche haikauki wanaume. Mmoja huja na bawaba, mwingine na kitasa.

"Kina shida gani?" Cheche huuliza.

"Kitasa kizima, ndugu yangu," mtu hujibu akitazama huku na huku. "Nilitaka kujua tu, mke wangu alikuwa akisema nini kule saluni?"

Cheche hutabasamu, huvaa miwani yake ya kazi na kuwasha mashine. Kwa makelele yale, hakuna anayeweza kumlaumu kwamba hasikii.