Asanseri ya Jengo la Ghorofa Sita

Nilikuwa na diploma ya shule ya jioni, yenye mihuri mitatu, na bado niliamini kwamba asanseri ya lile jengo la ofisi katikati ya Kolwezi, ukibonyeza kitufe cha chini kabisa, inakuteremsha moja kwa moja hadi mgodi wa Musonoi. Eti wazungu waliolijenga hawakutaka kuchafua viatu. Eti karani mmoja alibonyeza vibaya, akaibuka siku ya tatu na shaba masikioni. Ningekataaje? Kisanduku cha chuma chenye waya nilichokijua ni kile kilichomshusha tata, baba yangu, kazini mgodini.

Jengo lenyewe lilianza kama ofisi za kampuni: nguzo nyembamba, ukuta wa saruji wenye matundu elfu kumi ya kupunguza jua. Vita vikapita, vikaongeza matundu mengine. Kisha serikali ikahamia na mafaili yake.

Siku niliyompeleka mama huko ilikuwa ya mwisho ya kuthibitisha parseli, yaani viwanja. Mama, mjane, alitakiwa aweke kidole mwenyewe kwenye kitabu, ghorofa ya sita, kabla ya saa sita. La sivyo nyumba yetu ingeandikwa haina mwenyewe. Na magoti yake hayakupanda hata kizingiti.

"Mama, nikubebe mugongo."

"Weye? Utakufa ghorofa ya pili. Ingia mu asanseri!"

Karibu na ghorofa ya sita, baruti za mgodini zikalipuka. Taa ikazimika. Kisanduku kikasimama, kisha kikateleza shubiri moja. Nilisali kwa lugha nne, mbili sizijui.

"Mama, tunashuka mu shimo!"

"Piga mulango, mujinga!"

Nilipiga, nikavuta, ukafunguka upenyo. Sakafu ya sita ilikuwa usawa wa vifua vyetu, na juu yake viatu vya karani wa parseli, akifunga ofisi.

"Tata karani! Mi huyu, niko muzima!"

"Mama, saa sita imepita," karani akasema.

"Imepita wapi na mi uko unaniona? Basi kata kidole, wende nacho!"

Karani akapiga magoti, akafungua kitabu sakafuni. Mama akapitisha mkono kwenye upenyo. Kisanduku kingeteleza tena, mkono ungebaki juu. Alibonyeza kidole taratibu, kama anayechagua nyanya. Karani akasoma namba ya parseli yetu kwa sauti, akasaini.

Mlinzi mzee wa jengo alitushusha kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Chini nikamuuliza alijuaje pa kusimama tusipitilize hadi Musonoi.

Akajifuta grisi mikononi.

"Tata, chini ya hii asanseri kuko springi mbili na maji ya mvua. Ni mi nayachotaka na ndoo."