Chukudu Isiyo na Breki

Enzi zetu kule Butembo, mtoto ambaye hajateremka mlima juu ya chukudu alikuwa bado hajaishi. Watoto wa siku hizi, walioinamia simu mpaka shingo zimepinda, wataniuliza chukudu ni nini. Ni pikipiki ya mbao, jamani! Magurudumu mawili, usukani, ubao wa kupigia goti, na nyuma kipande cha tairi kuukuu cha kukanyaga ukitaka kusimama. Injini yake ni mteremko.

Papa alipeleka ndizi zetu sokoni kwa chukudu. Zamani, kila akirudi, alisimama katikati ya mteremko kwa Mama Kavira, muuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, na majirani ndio waliomleta nyumbani, amelazwa juu ya chukudu kama mzigo. Mimi na mdogo wangu Masika tulijificha chini ya kitanda. Kisha akaacha. Alitubu kanisani mbele ya watu wote, akakonda kwa kuikosa pombe. Lakini hakutuficha: akifika kwa Mama Kavira, mguu ulikanyaga breki wenyewe.

Siku moja akachukua nyundo.

“Freni ikikuwa, nitasimama,” alisema. “Donc, itoke!”

Akaing'oa ile breki.

Tangu hapo tulimngoja juu ya mlima kila tukitoka shule. Masika mbele, mimi nyuma nimeng'ang'ania shati la Papa, na twende! Vumbi machoni, kuku wanaruka, wauza parachichi wanakimbiza mabeseni yao. Kwa Mama Kavira walevi walikuwa wameshajipanga mlangoni.

“Papa Kahindo, kuya unywe kidogo!”

“Bandugu, sina freni!” alipiga kelele kwa furaha, na tayari tumepita.

Shida ni kwamba nyumba yetu nayo tuliipita. Tuliishia chini kabisa, katika kabichi za Mama, tumelala chali, tunacheka hadi mbavu zinauma.

“Mashu yangu tena! Mais, ninyi hamuonake njia?”

Mama alifoka hivyo kila jioni kwa ajili ya mashu, yaani kabichi zake, lakini pale tulipoangukia alilainisha udongo kwa jembe kuliko shamba lote. Jumapili tulikula fufu, samaki wa ziwani Kyavinyonge na kabichi zilizopondeka. Tamu sana!

Kisha siku moja tulikuta ile tairi ya breki imepigiliwa tena misumari. Mbele ya Mama Kavira, Papa alikanyaga, chukudu ikasimama. Masika akaanza kulia.

“Jambo, bandugu,” Papa alisema. “Mama Kavira, batoto bako bazima? Miye niko napita tu.”

Akaondoa mguu. Tulifika polepole mpaka mlangoni kwetu, tukasimama kama watu wa heshima. Mama alipoiona ile tairi alikaa chini akalia kwa furaha. Sisi tulilia kwa sababu mchezo umekwisha.

Leo Masika anaishi Beni, na wanawe wanapanda pikipiki zenye breki mbele na nyuma. Wanafika wasafi, hawajawahi kutolewa hata jani moja la kabichi kwenye nywele. Nawahurumia.

Juzi nilimpakia Papa, sasa mzee wa mvi, kwenye pikipiki yangu. Tulipokaribia kwa Mama Kavira akanigonga bega. Hofu ya zamani ikanishika, nikapunguza mwendo.

“Hapana simama!” alisema, mikono ameinua juu, anacheka. “Kimbiza, mutoto yangu. Tuende mu mashu!”

Kule chini siku hizi ni nyumba za matofali tu, kabichi hazipo tena. Nilikimbiza hivyo hivyo.