Begonia ya Meza ya Dirishani

Mtaani kila mtu alimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, naye aliitika bila kuuliza undugu umeanzia wapi. Maisha yake ya kazi yote yalipita katika chumba cha ushonaji cha hospitali, akishona mashuka na mapazia ya wodini. Alipostaafu aliondoka na mkono usiotetemeka na kipande kikubwa cha pazia la wavu alichozawadiwa na msimamizi. Wengine wangekitundika sebuleni. Yeye alikitandaza juu ya kibaraza cha nyuma kiwe kivuli cha ua la chunguni, begonia ya marehemu mama yake.

Ilikuwa begonia ya kiazi, ile ambayo kila mwaka hukauka na kulala, ikabaki bonge la kahawia lenye sura ya kisigino kilichopasuka. Ukiliona bila kuambiwa, utalitupa. Lakini likiamka! Lilitoa ua pana kama kisahani cha chai, rangi ya kiini cha yai, petali juu ya petali, mpaka watu waliuliza kama limeshonwa.

Mama yake ndiye aliyeipatia begonia hiyo meza ya dirishani katika maonyesho ya maua ya kila mwaka. Kwa utaratibu wa chama cha bustani, meza ni ya familia madhali ua lao lipo juu yake. Mwaka mmoja tu mkikosa, anapewa mwingine, na waliokuwa wakiisubiri meza ile yenye mwanga mzuri kuliko zote hawakuwa wachache. Mama alipofariki, Shangazi aliirithi meza kama wenzake wanavyorithi shamba. Kuna miaka walishinda na kuna miaka walirudi na pongezi tu, lakini haikutokea hata mara moja meza ikakaa tupu.

Sasa kiazi kilikuwa kimezeeka. Upande mmoja ulianza kuoza, Shangazi akaukata kwa wembe na kuupaka majivu. Kila alipojaribu kupandikiza kikonyo, kilimwozea mkononi. Hilo hakumwambia mtu. Nyumba ile haikuwa na tabia ya kutangaza shida zake barazani.

Mwaka huo, wiki chache kabla ya maonyesho, aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mguu. Akafungwa plasta na kulazwa chumba cha mbele, na begonia iko huko nyuma. Mwanawe, fundi umeme, alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni. Aliyebaki ni mkamwana, mke mpya wa kijana, aliyefanya kazi katika duka la kuoka mikate na kurudi nyumbani mchana akinukia hamira. Alikuwa bado katika ile miezi ya kutembea kwa vidole, ya kuuliza kabla ya kuhamisha kijiko.

Na kazi iliyokuwa imefika haikungoja mguu upone. Begonia ya namna ile hutoa vitumba kwa mafungu. Kile cha katikati ni dume, na ndicho kinachofumuka kikawa lile ua nene la mashindano. Vya pembeni ni majike, petali zake chache na bapa. Anayekuza kwa ajili ya maonyesho huyabana majike yangali madogo, ili nguvu yote imwendee dume. Shangazi alikuwa ameifanya kazi hiyo maisha yake yote bila kuiwazia, kama mtu anavyofunga vifungo vya blauzi.

"Mwanangu," alisema kutoka kitandani, "kila penye vitumba, bakiza vyenye nguvu, vile dhaifu toa."

"Sawa, Mama."

"Usivute, utachubua kikonyo. Bana kwa kucha."

"Kwa kucha. Na maji?"

"Ukingoni mwa chungu. Tone likikaa kwenye jani utaniletea ukungu."

Mkamwana akaenda. Kila siku alileta habari: majani mazima, udongo una unyevu, hakuna ukungu. Shangazi akalala raha mustarehe.

Siku alipopewa magongo, kitu cha kwanza alichofanya ni kujikokota hadi kibarazani. Maua yalikuwa yamefunguka. Yalikuwa mengi, masafi, yenye rangi ileile ya kiini cha yai, na bapa kama karatasi. Nyuma ya kila moja kulikuwa na kifuko kinene cha kijani chenye mabawa matatu. Maonyesho yalikuwa mwisho wa juma lile. Kitumba kipya kisingewahi hata kwa dua.

"Ya katikati yako wapi?"

"Niliyatoa, Mama." Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, tabasamu lake likianza kushuka. "Yalikuwa membamba, yamekaa kama wagonjwa. Haya yalikuwa na kitu kinene nyuma. Nikasema haya ndiyo yenye nguvu."

Shangazi akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, tena makali, yamejipanga mlangoni kabisa. Akayameza. Maana aliyatazama tena yale maua, akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kitandani: bakiza vyenye nguvu. Hakutaja dume, hakutaja jike, hakutaja katikati wala pembeni. Mtu asiyejua, ukimwonyesha chembamba na kinene, atachagua kipi?

"Ulifikiri vizuri," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyekupa maneno nusu."

Mkamwana akaanza kulia.

"Basi, basi. Na ukilia, lilia kwenye ndoo. Nimekwambia tone lisikae kwenye jani."

Kilio kikageuka kicheko chenye mafua, na tangu siku hiyo hakuna aliyeona mkamwana akitembea kwa vidole nyumbani mle.

Habari, hata hivyo, hazina mlinzi. Kesho yake alibisha hodi mke wa mfamasia, aliyeitwa Mama Dawa, mshindani wa Shangazi wa miaka na miaka. Walikuwa wakitaniana hivi kwamba mgeni angedhani wanagombana.

"Hodi humu! Nasikia kwako wamezaliwa wasichana watupu."

"Karibu, na uache ulimi nje."

Mama Dawa akaenda moja kwa moja kibarazani, akainama, akaguna. Utani ukamtoka usoni.

"Shangazi, sikiliza. Mimi madume ninayo mpaka nayagawa. Chukua moja, tuliweke lielee kwenye bakuli la maji, mbele yake weka kadi yenu. Mwamuzi anatazama ua, hatazami ukoo."

"Mwamuzi hatatazama. Mimi je? Kadi ile ina jina la mama yangu. Siwezi kumsimamisha mbele za watu na gauni la kuazima."

"Kwa hiyo meza iende hivihivi?"

"Haiendi. Nitaweka nilichonacho."

"Watakucheka mpaka mbavu ziwaume!"

"Wacheke. Lakini nakushukuru, dada. Najua hukuja kwa ubaya."

Mama Dawa hakuzoea kushukuriwa na Shangazi. Akaomba maji ya kunywa.

Siku ya maonyesho chungu kilisafiri ndani ya kreti ya mikate, maua yameegemezwa pamba, mkamwana amekipakata kwenye kiti cha nyuma cha gari kama mtoto mwenye homa. Ukumbini Shangazi akakiweka mezani, akafuta ukingo kwa leso, akasimamisha kadi, kisha akasimama kando na magongo yake. Alikataa kiti.

Watu walipita, wakaangalia, wakaangaliana. "Ile ndiyo ile?" mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Katibu wa chama alikuja akikagua meza zilizokosa maua. Akafika dirishani, akasita.

"Hii ni begonia?"

"Tena ya mama yangu, mwaka huu kama miaka yote."

Katibu akatikisa kichwa kukubali, akapita. Meza ilikuwa imebaki. Mwamuzi, mwalimu mkuu mstaafu mwenye lenzi, aliinama kwa adabu, akaandika kwamba ua halifai kwa daraja la maua manene. Alikuwa na haki. Shangazi alimpa mkono.

Saa za kufunga zilipokaribia, Mama Dawa, kifuani ana utepe wa ushindi, alikuja kusimama naye. Alikitazama kile kifuko cha kijani kwa muda.

"Hebu niambie. Tangu enzi za mama yako, mmewahi kuacha jike likafunguka?"

"La kazi gani?"

"Ndiyo maana hamjawahi kuwa na mbegu."

Shangazi akashika ukingo wa meza. Miaka yote ile, yeye na mama yake kabla yake, kwa kucha zao wenyewe, walikuwa wakizibana mbegu na kuzitupa, kisha yeye anakaa kuomboleza kiazi.

"Nina chungu kimoja pale nyumbani," Mama Dawa aliendelea, "nimekinyima mbolea, kinatoa madume hafifu yenye chavua tele, lile vumbi la kutungishia mbegu. Aibu tupu. Kesho nakuleteeni."

Akaleta kweli. Mkamwana akatoa brashi ndogo ya kupakia yai kwenye mikate, mpya, haijatumika, akachukua vumbi la manjano na kuligusisha kila jike, polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Wazee wawili wakamwangalia bila kutaniana, jambo ambalo si la kawaida.

Vifuko vikavimba, vikakauka. Msimu uliofuata kile kiazi hakikuamka. Shangazi alikifukua, akakishika kiganjani, chepesi kama ganda la yai, akakizika mwenyewe chini ya kibaraza. Hakulia sana. Ndani, dirishani, kulikuwa na bati la kuokea lililofunikwa kioo, na juu ya udongo wake kulikuwa na ukijani wa miche iliyoota, midogo kama unga uliomwagika.

Mwaka huo kilichopanda meza ya dirishani kilikuwa chungu kidogo chenye dume moja, si kubwa, rangi ya kiini cha yai, ila ukingoni lilikuwa na wekundu ambao mama yake Shangazi hakuwahi kuuona. Kadi iliandikwa na mkamwana, kwa kuwa Shangazi alimpa kalamu mbele ya watu wote akasema, "Andika wewe. Bila mkono wako tungekuwa tumesimama hapa na meza tupu."

Mama Dawa akautazama ule wekundu, akajipiga kifua.

"Huu wa kwangu! Huyu ni mjukuu wangu pia."

"Basi usisimame tu, bibi yake," Shangazi alimwambia. "Nenda kamletee maji. Na ukingoni mwa chungu!"