Maboga Makavu ya Mama

Juzi, sokoni Bagamoyo, muuza maboga aligonga moja kwa kidole akaniambia, "Chukua hili, mzee. Kavu, mkate wake haulegei." Nililinunua, nikarudi nyumbani nimelipakata kama mjukuu.

Mama alipanda maboga makavu kama hilo. Jioni alifunga maua yake kwa uzi, nami nilidhani anayafanyia zinguo, kuyaondolea uchawi. Alasiri aliyoondoka kwetu alioka mkate wa boga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, nyumba nzima ikanukia iliki. Nikafikiri ni sikukuu. Nusu ya mbegu alizifunga kwenye pindo la kanga, nusu akamwachia shangazi, dada yake baba.

"Utarudi lini, mama?"

"Hizi zikizaa, nitakuja tule mkate."

Shangazi akageuza uso.

Zilizaa, makavu na matamu. Shangazi akaoka. Kipande cha mama nilikificha mpaka kikaota ukungu.

"Kitupe, baba," shangazi alisema. "Tutaoka mwingine."

Hakuna aliyekuwa amefunga maua, na msimu uliofuata maboga yakatoka ya maji, mkate ukawa uji. Nilifarijika sana. Kumbe ndiyo maana mama haji!

Chuo kikuu nilifundishwa jinsi nyuki wanavyochanganya chavua za mashamba jirani maua yasipofungwa, na mbegu zikaharibika, nikapata alama nzuri. Habari ya talaka nilikuwa nimeshaisikia zamani, kwa watoto wenzangu. Lakini nikiulizwa kwa nini mama hakurudi, moyoni bado najibu kuwa maboga yaliharibika.