Udongo Juu ya Gari

Simwamini mtu anayenunua kitu cha zamani kwa kusikiliza injini tu. Baba yangu alikuwa hivyo. Alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, sisi tukiishi na mama kijijini Maretadu, maana kambini hakukuwa na nyumba za familia. Mama alitaka kitu kimoja tu, tulale wote mahali pamoja.

Basi bwana, fundi mmoja mgeni akamaliza mkataba, akawa anauza gari lake lenye nyumba ndani: vitanda, jiko la gesi, kabati, hadi mapazia. Kuukuu, ila limepakwa rangi upya. Baba akatoa maksai wetu wawili wa kulimia kulilipia. Kabla ya hapo alilikagua nusu siku nzima, akaingia uvunguni, akaangalia oili, akanusa moshi. Matairi yalikuwa na meno bado, lakini ubavuni yamepasuka-pasuka kwa uzee. Akasema halitaenda mbali hata hivyo. Mpira wa madirisha ulikuwa mkavu, ukiugusa unamomonyoka. Hilo hakulisemea kitu. Mama, aliyekuja kuiona nyumba yake, akabonyeza ukuta juu ya kitanda, kidole gumba kikazama. Baba akamwambia ni rangi haijakauka. Rangi gani haikauki mwezi wa nane, na upepo ule wa Hanang?

Tukahamia kambini. Jamani, tulifurahi. Jioni nilisikia baba na mama wakicheka upande wa pili wa pazia, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

Mvua zilipoanza, maji yaliingia kwenye godoro, kwenye unga, kila mahali. Baba akafanya anachofanya mwanamume yeyote wa kwetu paa la udongo la tembe likivuja: alipanda juu na udongo, akaumwaga, akaukanyaga mpaka ukashikana. Lakini tembe linabebwa na magogo. Lile gari lilibebwa na vijiti vya mbao vilivyokwisha kuoza miaka mingi kabla ya ile rangi. Udongo ukanywa maji, ukawa mzito.

Tulikuwa mlangoni tunakula mchana paa lilipoanza kushuka. Lilishuka polepole, tukatoka, likalala juu ya kitanda. Tukasimama kwenye mvua tunaangalia. Hakuna aliyejua ashike wapi.

Baba akaenda kwenye usukani, akawasha. Likawaka mara moja.

“Injini ni nzima, mama watoto,” alisema.

“Na watoto wangu walale kwenye injini?”

Baba akazima. Alikaa pale mikono ikiwa kwenye usukani, na mimi nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Kesho yake sisi na mama tulipanda lori kurudi Maretadu na godoro letu lililolowa. Mwaka ule shamba tulililima kwa jembe la mkono, mama mbele, sisi nyuma yake. Baba tukawa tunamwona sikukuu.