Wasia wa Injini

Mume wangu alifariki kabla gari lake jipya halijaisha harufu ya dukani. Lilikuwa gari dogo la Kijerumani, la kijani kilichokolea, naye alikuwa amelitamani miaka mingi, akiendesha mkweche uliovuja oili hadi majirani zetu wa hapa Laurel, Marekani, wakatulalamikia. Moyo ulimsimama akiwa kazini. Tukamzika kesho yake, mimi nikaingia eda, na gari likabaki pale chini ya dirisha langu, likafunikwa na theluji, likafunuka, likafunikwa tena.

Mjane akikaa eda watu hudhani analowaza ni moja tu. Mimi nilimlilia mume wangu, na papo hapo nikawaza kazi. Maabara ya hospitali niliyofanyia kazi ilikuwa Gaithersburg, na kutoka kwetu hakukuwa na basi la maana la kunifikisha huko asubuhi. Yeye ndiye aliyenipeleka siku zote. Wakubwa zangu walinishikia nafasi yangu, Mungu awalipe, ila waliniambia wazi kwamba eda ikiisha wanataka kuniona. Kwa hiyo gari lile, ambalo mimi nililitumia kwendea dukani tu, sasa ndilo miguu yangu. Likifa, na kazi imekwenda. Na kazi ikienda, mimi Marekani nakaa kwa lipi?

Nilipotoka eda, Jumapili asubuhi, akaja shemeji yangu kutoka Bladensburg, kaka mkubwa wa marehemu. Alifuatana na rafiki wa marehemu, Mkenya wa Nairobi, mtu wa kompyuta siku za kazi na mchezea magari wikiendi. Yule Mkenya alishika kiboksi kidogo mkononi. Nikadhani kaniletea tende.

"Pole sana, dada. Hii ni chipu," akasema.

Akanieleza. Injini ya gari lile inaongozwa na kompyuta, na kiwandani wameibana. Yeye anaifungua ile kompyuta, anang'oa chipu iliyomo, anatia hii yenye maagizo mapya, na gari linapata nguvu ambazo halikuwa nazo.

"Hii gari iko na nguvu, imefungiwa tu. Mzee wako mwenyewe aliniambia nimwekee. Tulikuwa tumepanga kabisa."

"Na garantii?"

Akajikuna kisogo. "Wakijua, garantii wataifuta. Lakini si lazima wajue."

"Na injini ikifa?"

"Haiwezi kufa, dada."

"Sikukuuliza kama inaweza. Nimesema ikifa!"

Shemeji ndiye aliyejibu, kwa sauti ile ya msibani ambayo hakuwa ameiacha tangu makaburini. "Shemeji, marehemu ametamka. Alilolitaka mtu kabla hajaondoka ni wasia, na wasia hutimizwa."

Hapo hasira zikanipanda. Mimi ni mtu wa Tanga, sina subira ya kukopesha. "Wasia wa injini? Toba! Maiti haulizwi sanda, nyinyi mnamwuliza chipu? Yeye kapumzika, hana haja ya kwenda popote. Mwenye kuamka alfajiri kwenda kazini ni mimi!"

Shemeji aliinamisha kichwa, nami nikamwona alivyokonda. Mume wangu aliondoka ghafla, hakuacha neno lolote, si la mali wala la mahali pa kuzikwa. Kwetu mkubwa akifiwa na mdogo wake hutafuta la kumtimizia, japo dogo, apate kulala. Shemeji miezi yote ile alikuwa ameuliza huku na huku, na alichopata ni hiki tu, chipu ndani ya kiboksi. Uchungu ulinishika. Nikawapa chai, nikakaa.

"Dada, nikwambie ukweli," yule Mkenya akasema. "Hakutaka mambo ya kukimbiza gari. Alisema wewe ndio unaogopa kuingia barabara kuu ya 95. Gari inachelewa kushika mwendo, na wewe unapiga mayowe. Akasema, mtengenezee mke wangu gari."

Ilikuwa kweli. Gari lile ulikuwa ukilikanyaga mafuta linajishauri kwanza, ndipo liondoke, na mimi, niliyekaa kando yake, nikiona malori yanakuja nyuma nilikuwa nikimshika mkono nikisoma kila aya ninayoijua. Sikujua kwamba alilibeba moyoni. Nilitaka kusema basi, wekeni. Neno lilifika mdomoni kabisa. Kisha nikaiwaza garantii, nikamwaza huyu Mkenya hayupo siku gari litakaponizimikia njiani, nikashindwa kusema ndiyo, nikashindwa kusema la.

Nikachukua ufunguo. "Haya, twendeni nikalitazame mwenyewe."

Shemeji akakaa mbele kando yangu, Mkenya nyuma. Tukaenda mpaka tukafika pale pa kuingilia barabara kuu. Nikatazama kioo. Lori linakuja, refu, la kuchukua saruji au sijui nini. Nikapiga bismillahi, nikakanyaga.

Kimya. Gari likatulia kama halikusikia. Nikakanyaga mpaka chini, nikiliita, "Wee! Wee, twende!" Ndipo likashika, likatuvuta, tukaingia mbele ya lori na nafasi ikabaki.

"Umeona?" Mkenya akasema nyuma. "Hapo ndipo chipu inasaidia. Ukiigusa tu, inaitika."

Nikaanza kucheka. Nilicheka hadi machozi yakaniziba macho, na shemeji akawa ananiambia taratibu, taratibu, shika usukani.

"Shemeji," nikamwambia, "unamjua mdogo wako. Unamwita, kimya. Unamwita tena, kimya. Unakaribia kumrushia kijiko, ndipo anasema, 'Naam, mke wangu.' Miaka yote niligombana naye kwa hilo. Sasa nimemwita nyumba nzima tangu mlipomzika. Jikoni nimemwita, bafuni nimemwita. Hiki kigari nimekiita nacho kimeitika. Kimechelewa, lakini kimeitika. Naomba msikiguse."

Nyuma nilisikia Mkenya anakifunika kile kiboksi chake.

Shemeji alitazama nje. "Hata mama alikuwa akimwita hivyo," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kwenda kumtazama kama yupo." Kisha akavua kofia, akajifunika nayo uso, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa siku ya maziko. Mimi nikaendelea kuendesha, njia ya kulia, hadi Gaithersburg, kazini kwangu.